Ukingo wa Plaiwudi: Kupaka Rangi Tela la Kulala Magulioni

Plaiwudi huanza kufa pembeni. Uso wake unaweza kuwa mzima, umenyooka na unang'aa kwa rangi, kumbe kule chini karibu na sakafu, pale msumeno ulipopita, maji yamekwisha kuingia na yanatenganisha tabaka moja na jingine. Ukiona rangi imevimba, ujue ubao ulishaoza zamani. Mimi ni fundi rangi, naishi Kwamsisi hapa mjini Korogwe, na mtu akiniita kupaka plaiwudi, cha kwanza ninachokishika ni ukingo wake. Nautazama, naupitishia kidole, naunusa. Swali la anataka rangi gani linafuata baadaye.

Kazi ninayotaka kuieleza ni ya tela. Lilikuwa tela la mizigo, boksi la bati juu ya ekseli moja, la kuvutwa na pikapu. Mwenye nalo ni mama mmoja wa Kwamsisi ile nyingine, kwa maana mkoani Tanga Kwamsisi ziko mbili: kata yetu hii ya Mji wa Korogwe, na kata ya Wilaya ya Handeni, upande wa mashariki kuelekea pwani. Mama huyo na mumewe huzunguka magulio ya Handeni, Kilindi na Korogwe wakiuza vitenge, sufuria na vyombo vya plastiki. Gulio la leo likiisha jioni na la kesho liko mbali, walikuwa wanalala juu ya marobota chini ya turubai. Walitaka tela liwe ghala mchana na chumba usiku: kitanda cha kukunja, rafu, dirisha dogo kila ubavu, na kuta za plaiwudi za kuwatenga na bati lililokuwa likiwachoma mchana na kuwadondoshea maji alfajiri.

"Fundi, nataka rangi ya mafuta, nyeupe, ing'ae kama ya wodini," alisema baada ya kuitikia shikamoo yangu.

"Mafuta tutayatumia, mama," nikamjibu, "lakini si tukiwa humo ndani."

Akataka kujua kwa nini, na haki yake kujua, kwa sababu yeye ndiye atakayelala humo. Sababu ni mbili, maji na hewa, na zote mbili hupita mlango mmoja, yaani ukingo.

Nianze na maji. Wengi hudhani adui wa tela ni mvua. Mvua huzuiwa na bati na mpira wa mlango. Maji yanayoharibu kuta za ndani hutoka kwa wenyewe waliolala. Watu wawili wakilala katika boksi lililofungwa, pumzi na jasho lao hutoa mvuke ambao ungekusanywa ungejaza zaidi ya kikombe kufikia asubuhi. Usiku bati hupoa, hasa Juni na Julai, na anayepeleka biashara milimani Lushoto anajua baridi ya huko. Mvuke ukigusa bati baridi hugeuka matone, matone yakateremka nyuma ya plaiwudi mahali jicho halifiki, yakakusanyika kwenye ukingo wa chini. Nimeitwa kutengeneza vibanda na mabodi ya magari yaliyopakwa vizuri sana kwa mbele, na nyuma ubao ni mtupu kama ulivyotoka dukani. Mgongo ulikuwa mweusi kwa ukungu.

Hewa nayo inahitaji kuielewa plaiwudi yenyewe. Gogo huzungushwa mbele ya kisu kirefu, likamenywa maganda membamba. Maganda hupangwa kwa idadi ya witiri, matatu, matano au saba, kila moja likikingama na lenzake, kisha hugandishwa kwa gundi, joto na mashine ya kukandamiza. Kule kukingamana ndiko kunakoufanya ubao usipasuke ovyo. Gundi ya bei nafuu iitwayo yurea-formaldehaidi hutoa hewa ya formaldehaidi polepole, kwa miezi na hata miaka, na joto na unyevu huiongeza. Hewa hiyo huwasha macho na koo. Mwaka 2004 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Nyumba yenye madirisha makubwa huipunguza kwa upepo. Tela lililoegeshwa juani Korogwe saa nane mchana, mlango umefungwa kwa kufuli, huihifadhi yote ikamsubiri mwenyewe arudi jioni.

Marekani waliliona jambo hili kwa watu wengi kwa mpigo. Baada ya kimbunga Katrina cha Agosti 2005, serikali iliwapa waliobomolewa nyumba zao matela ya kuishi, ambayo ndani yake kulijaa mbao za kugandishwa. Wakaaji wakaanza kulalamikia macho, pua na vichwa. Kati ya Desemba 2007 na Januari 2008 taasisi yao ya afya, CDC, ilipima matela na nyumba za kuhamishika 519. Ilikuta wastani wa sehemu 77 za formaldehaidi katika kila sehemu bilioni moja za hewa, na iliyozidi zote ilifika 590. Februari 2008 wakashauri watu wahamishwe kabla msimu wa joto haujaanza. Nilipomsimulia mama, alinyamaza kidogo, kisha akasema mjukuu wake huja kukaa naye wakati wa likizo, naye atalala humo.

"Sasa nitajuaje niliyonunua ina gundi gani?"

Hilo halihitaji maabara. Tulichukua kipande kilichobaki cha plaiwudi ya ukutani, ya milimita 6, na kipande cha marini bodi ya sakafu, tukavitumbukiza katika sufuria ya maji yanayochemka juu ya mkaa tukaendelea na mengine. Hata jioni, kipande cha ukutani kilikuwa kimefunguka pembeni, maganda yanabanduka kwa kucha. Cha marini bodi kilikuwa kama kilivyoingia. Marini bodi nzuri hugandishwa kwa gundi ya fenoli, inayostahimili maji na kutoa formaldehaidi kidogo sana, na unaweza kuitambua kwa mistari ya kahawia iliyokolea kati ya tabaka. Gundi ya yurea haina rangi hiyo. Laiti mama angelichemsha kipande kabla ya kununua, lakini mbao zilikuwa zimeshakatwa kwa vipimo vya tela, na kuzitupa si jambo la kumwambia mfanyabiashara wa gulio. Ikabaki kuziba. Rangi iliyopakwa pande zote hupunguza hewa ya gundi inayotoka, na pa kuzibia kuliko pote ni ukingoni, maana ndiko gundi ilikoachwa wazi. Palepale maji yanapoingilia ndipo hewa inapotokea.

Sisi watu wa Tanga tuna historia yetu na ubao huu. Katika miaka ya 1970 na 1980 kiwanda cha Sikh Saw Mills cha mjini Tanga, kikiwa mali ya umma na kikisaidiwa na Finland, kilitengeneza plaiwudi kwa magogo ya misitu ya Usambara Mashariki. Uvunaji kwa mashine katika milima ile yenye viumbe wasiopatikana pengine popote duniani ulipigiwa kelele na wanasayansi, ukasimamishwa katika miaka hiyohiyo ya 1980, na mwaka 1997 Amani ikatangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Kwa maoni yangu uamuzi ule ulikuwa sahihi, hata kama ulitunyima plaiwudi ya nyumbani. Mto Zigi, unaowanywesha watu wa Jiji la Tanga, unatoka katika misitu hiyo. Leo tunauziwa plaiwudi ya Mafinga, inayotokana na misindano na mikaratusi ya kupandwa, pamoja na ile ya kutoka China. Misindano ina shida yake: vifundo vyake hutoa utomvu, na rangi ya maji ikipakwa moja kwa moja juu yake, baada ya muda madoa ya njano hujitokeza, na ukiongeza mkono mwingine wa rangi ileile yanarudi.

Basi tulifanya hivi. Seremala alikwisha kupima na kukata kila ubao, akaacha mwanya wa kama milimita 3 kati ya ubao na ubao, kwa sababu tela hutikisika na mbao hutanuka. Zikibanana zitasukumana na kupasua rangi kwenye maungio. Badala ya kuzipigilia, tulizitoa zote nje, tukazilaza juu ya vigingi chini ya mwembe. Hii ndiyo hatua ninayomsihi kila mwenye tela asiiruke. Mbao zikiwa nje unaufikia mgongo, unaufikia ukingo, na harufu kali ya praima ya mafuta inaishia hewani badala ya kuishia kifuani mwa mtu.

Msasa namba 120 kwanza, kisha 180, kufuata mwelekeo wa nyuzi. Ukingoni tulipiga msasa mpaka miiba yote ikaondoka na kona ikalainika kidogo, kwa maana rangi haikai juu ya kona kali. Hujivuta ikaacha uzi mwembamba usio na kinga. Vumbi likafutwa kwa kitambaa chenye unyevu. Halafu praima ya mbao ya mafuta. Mkono wa kwanza ukingoni uliongezwa tapentaini kidogo ili uzame ndani, na ukingo uliunywa wote ukabaki mkavu kana kwamba hatujapaka kitu. Tukarudia kesho yake. Ukingo wa chini, ule utakaokaa karibu na sakafu, tukaupa na mkono wa tatu. Uso na mgongo vilipakwa mkono mmoja uliokolea. Vifundo tukavipaka shelaki, ute wa wadudu wa India unaoyeyushwa kwa spiriti na ambao mafundi fanicha wanaujua kwa polishi; utomvu hauipenyi.

Marini bodi ya sakafu ina ngozi laini ya kiwandani ambayo rangi haishiki. Tuliikwaruza kwa msasa hadi mng'ao ukaisha, tukapaka praima kwenye kingo zilizokatwa, na juu yake mama akachagua kutandika zulia la plastiki la kukunjuliwa. Sikumpinga, ila nilimwomba asiligundishe, ili aweze kuliinua na kuanika.

Mbao ziliporudishwa ndani na kufungwa kwa skrubu, kila kichwa cha skrubu kiliguswa na praima kwa brashi ndogo kabla ya puti. Kichwa cha chuma kikifunikwa kwa rangi ya maji peke yake hutoa doa la kutu. Puti iwe ya mbao. Ile ya ukuta, ya jasi, ni ngumu na haina mnyumbuko; barabara za vumbi za Handeni huiangusha vipandevipande. Mianya kati ya mbao tuliijaza kwa gundi ya akriliki ya kuzibia nyufa, inayonyumbuka na kukubali rangi. Silikoni ni nzuri kwa dirisha upande wa nje, lakini rangi haishiki juu ya silikoni, na fundi aliyeipaka ndani humpa mwenzake wa baadaye kazi ya kukwangua.

Hapo sasa ndipo rangi ya mama ilipofunguliwa. Nilimshauri rangi ya siliki, ambayo ni ya maji lakini ina mng'ao wa wastani na hufutika kwa kitambaa. Aliitazama rangi ya mafuta kwa hamu mpaka mwisho, nami namwelewa. Rangi ya mafuta ina heshima yake juu ya ubao katika nchi hii. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyekuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga miaka ya 1950 kabla ya kuhamia Dar es Salaam, alianza mwaka 1968 kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya ubao mgumu kwa rangi ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, na hadi leo wanafunzi wa wanafunzi wake wanatumia rangi za namna hiyo kwa sababu ya ule wekundu na unjano wake usiofifia upesi. Lakini picha ile huchorwa barazani. Ndani ya tela, rangi ya mafuta hutoa mvuke unaoleta kizunguzungu mchana mzima, hugeuka njano mahali pasipofika mwanga, na kadiri miaka inavyopita hukakamaa ikapasuka ubao unapotikisika. Kazi yetu hii ya kupaka rangi, kama kazi, nayo imo katika orodha ya IARC ya visababishi vya saratani. Vijana ninaofanya nao kazi nimewaambia kwamba boksi lenye mlango mmoja halipakwi mafuta mlango ukiwa umefungwa, hata kama mwenye mali ana haraka.

Kwa kiasi, hesabu si ngumu. Tela la futi 10 kwa 6, urefu wa kwenda juu futi 6, lina kuta na dari zenye kama mita za mraba 23. Ukitoa mlango na madirisha zinabaki karibu 20. Lita moja ya rangi ya maji juu ya praima hufunika mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja. Mikono miwili ni lita 4, yaani galoni moja. Mama alikuwa ameambiwa anunue ndoo ya lita 20.

Tulipaka asubuhi, milango na madirisha wazi, kwa sababu baada ya saa nne bati la Korogwe huwa limepata moto na rangi hukauka kwenye rola kabla hujaisambaza. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ningeikataa kazi hii ama ningeiahirisha. Hewa imejaa maji, na rangi ya maji inahitaji mahali pa kupeleka yake. Baada ya mkono wa kwanza, nyuzi za ubao huenda zikasimama na ukuta ukakwaruza mkono. Wengine hudhani rangi ni mbovu. Unapitisha msasa namba 240 kwa mkono mwepesi, unafuta, unapaka wa pili, ukuta unakuwa laini.

Kuna jambo nililolisimamia bila kulegea. Bati la upande wa mlango lilikuwa na rangi ya zamani ya njano, na kijana mmoja alishaiandalia msasa mkavu. Nikamzuia. Rangi nyingi za zamani za njano, chungwa na nyekundu zilitengenezwa kwa kromati ya risasi, na risasi ikigeuka vumbi huingia kwa mtoto kwa pumzi na kwa vidole. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Huathiri ubongo unaokua. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira limezitaka nchi ziweke kikomo cha sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni moja za rangi kavu. Tuliloweka bati, tukasugua kwa msasa wa maji, tukakusanya tope kwenye gazeti na kulifungia mfukoni. Na rangi mpya tulinunua kwenye kopo lililofungwa, lenye jina la mtengenezaji na maelezo ya risasi. Rangi ya kupimiwa kutoka pipa lisilo na jina siipaki mahali anapolala mtoto.

Kuhusu rangi ya kuchagua nina maneno machache. Mama alitaka nyeupe na nyeupe ilifaa, nilichoongeza ni tone la krimu ili isiumize macho taa ya sola ikiwashwa usiku. Dari ni nyeupe kabisa. Utepe wa kijani uliozunguka kwa chini, kimo cha goti, ni wake mwenyewe, na ni wa maana, kwa kuwa marobota hugusa hapo na uchafu hauonekani upesi. Kwa nje, juu ya paa, tulipaka nyeupe pia, maana paa jeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua na ndani kunapungua joto kwa kiasi unachokihisi ukiingia. Seremala alitoboa matundu ya hewa, mawili chini na mawili juu, yenye wavu wa mbu. Bila hayo kazi yote niliyoieleza ingekuwa ya msimu mmoja.

Rangi ya siliki hukauka ukaigusa ndani ya saa moja au mbili, lakini kukomaa huchukua hadi mwezi. Nilimwomba mama asipakie marobota yaliyobana ukuta katika majuma ya mwanzo, maana plastiki hugandana na rangi changa ikang'oka nayo, na aache matundu wazi hata tela likiwa limeegeshwa. Mabaki ya rangi niliyatia kwenye chupa ndogo iliyojaa hadi mdomoni, kwa sababu rangi ya maji huharibika kwa hewa inayobaki juu yake, na nikamwachia praima kidogo na brashi ya vidole viwili.

Hiyo praima ina kazi maalumu. Juzi alinipigia simu: mumewe ameona pa kutundika kioo na misumari ya kuning'inizia vitenge, je, atoboe tu? Atoboe, nikamwambia, ila kila tundu jipya ni ukingo mpya. Achovye njiti ya kiberiti katika praima, apake ndani ya tundu, asubiri ikauke hadi kesho yake, ndipo aingize skrubu.